Mtaka cha Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi siruhusiwi.
Soksi moja imelala chini ya kitanda tangu Jumanne,
inanitazama kama paka anayejua siri yangu.

Daktari Boillat alinionyesha picha kule Besançon:
pingili zimepangana kama jibini rafuni,
na chini kabisa kisahani kimoja kimetoa ulimi
kinailamba neva ya mguu wa kushoto.
"Ulimi nimeukata," akasema, "mdomo ungali wazi.
Kuna ufa ukutani. Utaziba taratibu,
wala hautaziba kama zamani."
Je, kinaweza kutoka tena?
"Katika watu kumi, mmoja hivi,"
akajibu, akiosha mikono
kana kwamba hesabu nayo huoshwa.

Miaka ishirini na sita nageuza jibini
katika sela ya kijiji chetu, milimani Jura.
Gurudumu moja kilo arobaini:
livute, lisugue chumvi, lipindue, lirudishe,
mia kabla ya kahawa.
Kisu nilikinoa. Brashi nilizianika.
Mgongo nilipewa bure,
na cha bure nani hukinoa?

Sasa nimeanza shule. Mwalimu wangu, Maëlle,
ana viatu vya njano na umri wa bintiye dada yangu.
Ananifundisha kuondoka kitandani:
jiviringishe mzima mzima, kama gogo,
miguu ishuke, mkono usukume,
kiuno kisijue kwamba kumekucha.
Nimezaa watoto watatu;
sikujua kuamka kuna kanuni.

Usiiname. Usijipinde.
Usibebe kinachozidi birika la chai.
Usikae mpaka kiti kikuzoee.
Tembea: leo hadi hori la ng'ombe,
kesho hadi kanisani, keshokutwa upite kanisa
watu wadhani umeasi.
Chafya ikija, shika ukuta.
Na sigara, ile yangu ya mlangoni pa sela?
Kisahani, anasema Maëlle, hakina damu yake,
kinaombaomba kwa mfupa jirani,
na moshi humfungia jirani mlango.
Nimeacha. Siku kumi na nne. Usiniulize ya kumi na tano.

Theluji ilipoanguka, Firmin alichukua koleo langu.
Anazoa vibaya, anarusha kwa kiuno, anajipinda.
Niligonga dirisha: Miguu! Geuza miguu!
Akanipungia mkono, akidhani ninampenda.

Wiki ya kumi nilirudi kazini, kazi ya masikio:
kinyundo kidogo, naligonga gurudumu, nasikiliza.
Zima hujibu kama mlango wa mwaloni.
Lenye ufa ndani hujibu kama mtu anayesema
"Sijambo" huku ameuma meno.
Nalijua jibu hilo. Nililitoa miaka mitatu.

Alhamisi mwanagenzi, Léandre, aliteleza.
Gurudumu likatoka ubaoni, likaja upande wangu,
na mwili wangu wote ukaondoka kulidaka
(miaka ishirini na sita haiombi ruhusa)
mikono ikafika nusu,
kiuno kikaanza kugeuka,
nami nikajiita kwa jina, kwa sauti:
Huguette! Liache!

Likaanguka.
Likapasuka kwa mlio wa mvua kubwa.
Kijana akaanza kulia. Nikamwambia leta mkate,
tukala vipande tukiwa wima kama askari,
jibini ya miezi kumi na minane, tamu, yenye chumvi,
na mguu wangu wa kushoto ulikuwa kimya.
Kimya kabisa.

Jioni nilipiga goti moja, la pili,
mgongo umenyooka, kitako nyuma,
kama mtu anayekiomba kitanda msamaha.
Nikaitoa soksi.
Ilikuwa na tundu kidoleni.